Mapenzi ya Namba Saba na Namba Kumi

Jumatatu, 12 Mei 2025

Leo nimeona kitu ambacho sijakiona katika miaka kumi na moja ya kufundisha mpira wa wavu. Naandika kabla sijala.

Asifiwe, binti wa Uvira anayewapandishia wapigaji wetu mipira, alikuwa ameelekea kushoto. Akautupa mpira nyuma, juu ya kichwa chake, bila kugeuka. Nyuma hapakuwa na mtu. Nikavuta pumzi nimkaripie. Kabla sijatoa neno, Ludovic alikuwa ameshapaa palepale, mkono juu, kana kwamba walipatana tangu juzi. Akaupiga. Mpira ukadunda upande wa pili ukaruka hadi kwenye madirisha ya juu ya ukumbi. Nilikuwa na filimbi mdomoni na sikuipuliza.

Niliwauliza wamefanyaje. Ludovic ni dereva wa basi, Mrundi kama mimi, mtu wa maneno machache. Akasema hajui. Asifiwe akasema alijua tu kwamba atakuwa pale.

Nikarudi nyumbani kama mtu aliyetoka ibadani. Njia yangu inapita kituo cha treni cha Bredäng, mtaa wetu huku Uswidi. Mlangoni pa kituo nikawaona wawili hao. Asifiwe alikuwa anakunywa maji kwenye chupa ya Ludovic. Akamrudishia. Ludovic naye akanywa, hakufuta mdomo wa chupa.

Kwa hiyo ni mapenzi. Na Kombe la Jumuiya, mashindano ya timu za Waafrika Mashariki wa huku, ni tarehe thelathini na moja.

Lazima nieleze hatari, hata kama ni kwa daftari tu. Mwaka juzi wawili wa timu hii walipendana Februari, wakaachana Aprili. Nusu ya timu ikaondoka na mwanamume, nusu ikaondoka na mwanamke. Siku ya Kombe tulifika ukumbi wa Hallunda tukiwa wanne. Mchezo unataka sita. Muriuki, kocha wa timu ya Husby, alinipa pole mbele ya ukumbi mzima, ameniwekea mikono miwili mabegani. Sitasahau uzito wa mikono ile.

Jumanne, 13 Mei

Nimemweleza mke wangu, Mama Elise, niliyoyaona. Aliendelea kuchambua maharage. Akasema amejua tangu Krismasi. Kanisani walikuwa wanaimba kwenye kitabu kimoja, na Ludovic hata kuimba hajui.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema mimi ni kocha, alidhani naona.

Binti yetu Elise, miaka kumi na sita, akasema kwa Kiswidi, bila kuinua macho kutoka kwenye simu, kwamba hayo hayanihusu. Nilimwambia aseme kwa Kiswahili. Akasema kwa Kiswahili kwamba hayo hayanihusu.

Alhamisi, 15 Mei

Mpango wa kwanza. Kuwatenganisha kwa wavu. Nimegawa timu mbili za mazoezi, Asifiwe upande huu, Ludovic upande ule. Laurentine, nahodha wetu, akaniuliza kwa nini navunja kikosi siku kumi na sita kabla ya Kombe. Nikasema ni mbinu.

Sasa sikiliza, daftari. Ludovic alipiga mara tisa. Mara saba Asifiwe alikuwa amekwisha kufika mahali mpira utakapoangukia. Hakukimbia hata. Alikuwa anatembea kwenda pale wakati Ludovic bado anachukua hatua za kuruka, anasimama, anaupokea kama mtu anayepokea barua yake mwenyewe. Nimefundisha watu waliooana na kuzaa pamoja, hawajuani hivyo. Mimi na Mama Elise tuna miaka ishirini na nne na kila Jumamosi tunagongana kwenye mlango wa jikoni.

Nilikaa kwenye benchi. Nikasema moyoni, kitu kikubwa namna hii kikivunjika kitatuangukia sote.

Ijumaa, 16 Mei

Mpango wa pili. Nimeandika kanuni kumi na mbili za timu nikampelekea Diane, mwenyekiti wa chama chetu cha michezo. Diane ni Mnyarwanda, anafanya kazi katika ofisi ya manispaa, anaongea polepole kama mtu anayemsomea mgonjwa maelezo ya dawa. Kanuni ya kwanza, hakuna mapenzi kati ya wachezaji. Ya pili, yaliyopo yasimame hadi Juni. Ya tatu, kila mchezaji na chupa yake.

Alinipigia wakati nipo kwenye kazi yangu ya kuhudumia wazee majumbani, namvalisha soksi mzee mmoja wa mtaa wa Mälarhöjden. Alisema amezisoma zote. Alisema hao ni watu wazima, chama hakiwezi kuwakataza kupendana, na akaniuliza kama ningependa yeye apige kura juu ya ndoa yangu. Kinachokatazwa ni kimoja tu, kocha asiwe na uhusiano na mchezaji wake. Nikamwambia hilo halina shida. Akasema anashukuru kulisikia.

Kisha akanieleza kazi ya kocha. Niongee nao mmoja mmoja, kwa uwazi, bila kuwachunguza. Tupatane juu ya mambo ya ukumbini tu. Niwatendee kama wengine, wasipate zaidi wala pungufu. Na wenyewe wajue mapema watakachofanya wakikosana, ili timu isigawanyike. Ya nje ya ukumbi ni yao.

Nilikuwa na soksi mkononi, sikuweza kuandika yote. Nimeshika lile la kwanza. Niongee nao mmoja mmoja.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeongea nao mmoja mmoja.

Ludovic nilimkuta anafunga wavu. Nilimwambia kwamba mpigaji mkubwa ana moyo mwepesi, hafungwi na kitu. Nikamwambia pia asishangae akisikia Asifiwe anaweza kwenda Husby baada ya Kombe, wanatafuta mtu wa kupandisha mipira. Sikusema anataka kwenda. Nilisema inawezekana. Kila kitu kinawezekana.

Asifiwe nilimkuta nje, anafungua baiskeli. Yeye anasomea uuguzi, anatazama mtu machoni mpaka unakumbuka dhambi za zamani. Nilimwambia Husby wangempokea vizuri. Nikasema kuna watu wanaoona ingekuwa heri kwa kila mtu. Akauliza watu gani. Nikasema watu tu.

Aliiegemeza baiskeli ukutani. Nikaona uso wake unafunga kama duka.

Nia yangu ilikuwa wapoe kidogo. Vuguvugu. Mpaka tarehe moja Juni.

Alhamisi, 22 Mei

Mpango umefaulu. Ni balaa.

Hawakusalimiana. Ludovic alikunywa maji yake, Asifiwe ya kwake, sawasawa na kanuni ya tatu. Tulipoanza, Asifiwe alipandisha mpira mzuri, mrefu, mahali pa kila siku. Ludovic hakuruka. Alikuwa anautazama. Mpira ukaanguka katikati yao ukadunda mara tatu, mara nne, ukabingirika hadi kwenye kiatu changu. Hakuna aliyeufuata. Sijawahi kusikia mpira ukidunda kwa sauti kubwa vile.

Ikawa hivyo saa nzima. Valéry, mpigaji wetu wa pili, ambaye hata siku njema hupiga kwenye wavu, leo alipiga mgongo wa Laurentine. Laurentine akamwambia maneno ambayo sitayaandika, kwa Kifaransa. Watu walianza kusimama upande wa Asifiwe na upande wa Ludovic bila kujua kwamba wanasimama. Ninaijua picha hiyo. Niliiona mwaka juzi.

Niliyatenda mwenyewe. Kitu ambacho wavu haukukiweza, nimekivunja kwa sentensi mbili.

Ijumaa, 23 Mei

Sikulala vizuri. Mama Elise anasema niliita jina la Muriuki usingizini. Anataka maelezo.

Jumamosi, 24 Mei

Mpango wa tatu. Huu ni wa kujenga.

Kesho saa nane hadi saa kumi na moja mchana nimeweka zamu kwenye chumba cha kufulia cha pamoja cha jengo letu. Nimempigia Ludovic alete jezi zote za timu kwa ajili ya Kombe. Nimempigia Asifiwe aje kuwasha mashine, nikasema mgongo unaniuma. Ufunguo atapewa na Elise. Hakuna anayejua kwamba mwenzake anakuja. Chumba kile kipo chini, kina benchi moja, na mashine inachukua dakika hamsini na tano. Binadamu hawezi kukaa dakika hamsini na tano mbele ya mashine na mtu anayempenda asiseme neno.

Jumapili, 25 Mei

Wamesema.

Kengele ya mlango ililia saa kumi na nusu. Walikuwa wote wawili, wamebeba jezi zimekunjwa, namba juu. Moyo wangu ukafurahi. Kisha nikaona jinsi walivyovua viatu, polepole, kama watu waliokuja kukaa.

Asifiwe akamsalimu Mama Elise, jambo mama. Mimi hakunisalimu.

"Kocha, ulimwambia Ludo kwamba nataka kwenda Husby?"

"Nilimwambia kwamba inawezekana."

"Na mimi uliniambia kuna watu wanaoona ingekuwa heri niende. Niliwaza ni yeye. Siku sita niliwaza ni yeye. Watu gani, Kocha?"

Mama Elise akatoka jikoni na taulo mkononi. Akasema, "Jibu, Baba Elise. Hata mimi nataka kuwajua hao watu."

Nikatazama jezi. Nikatazama zulia.

"Ni mimi," nikasema. "Watu ni mimi."

Ludovic, ambaye sijawahi kumsikia akisema sentensi mbili mfululizo, akasema, "Nimeendesha basi wiki nzima nikijiuliza nimemkosea nini. Jana nilipita kituo, watu wanapunga mikono, sikuwaona." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Niliwaeleza yote. Mwaka juzi, wachezaji wanne, mikono ya Muriuki. Nikawaambia niliogopa. Neno hilo nilikuwa sijalisema hata kwa daftari.

Ndipo Asifiwe akaketi. Akasema wao wako pamoja tangu Oktoba. Oktoba. Miezi minane. Tumecheza mechi kumi na moja ndani ya miezi hiyo na mimi kwenye benchi na macho yangu mawili.

Akasema, "Tulipatana siku ya kwanza. Ukumbini yeye ni namba kumi, mimi ni namba saba. Akikosea namwambia vilevile ninavyomwambia Valéry. Tukigombana, tunayamalizia nje. Na siku tukiachana, kila mtu anabaki na kilio chake, hakuna atakayevuta wenzake. Wiki hii tumeshindwa, kwa sababu ugomvi wenyewe ulitoka ukumbini."

Nilikuwa nimeandika kanuni kumi na mbili. Wao walikuwa na tatu, na zilitosha. Vijana wa miaka ishirini na kitu. Niliwatazama kama ninavyotazama barafu ya ziwani inapopasuka Machi, kitu kikubwa kinachofanyika chenyewe bila kuomba msaada wa mtu.

"Kwa nini hamkuniambia?" nikauliza.

"Tulikuwa tunangoja utuulize," Asifiwe akasema. "Hukuuliza."

Mama Elise aliwapa chai na chapati. Mimi nilipewa chai.

Jumatatu, 26 Mei

Diane alikuja mazoezini. Sijui nani alimwambia. Namshuku mke wangu.

Alinitaka niombe radhi mbele ya timu, kwa sababu timu nzima imeumia. Nikasimama chini ya kikapu cha mpira wa kikapu. Nikasema nilisema maneno ya uongo kwa wachezaji wawili ili kuwatenganisha, na kwamba kosa si lao. Ilichukua chini ya dakika moja. Ndiyo dakika ndefu kuliko zote nilizowahi kusimama Uswidi, na nimesimama ofisi ya uhamiaji.

Hakuna aliyecheka. Laurentine akasema sawa. Valéry akauliza kama kila mtu bado anatakiwa kuja na chupa yake, kwa kuwa yeye ameshanunua. Hapo wakacheka, na kicheko kikaenda upande huu na upande ule wa ukumbi, na walipomaliza kucheka hapakuwa tena na pande.

Tukacheza. Mpira wa kwanza Asifiwe aliutupa nyuma, juu ya kichwa, bila kugeuka.

Ludovic alikuwa pale.

Jumamosi, 31 Mei

Hallunda. Nimerudi sasa hivi, jua bado liko juu ya majengo, nyumba nzima inanuka marhamu ya misuli. Nitaandika kwa utaratibu.

Tuliwashinda wenyeji asubuhi, tukawashinda Uppsala mchana. Fainali, sisi na Husby. Muriuki alikuja kunisalimu na kofia mpya. Seti ya kwanza yetu, ya pili yao. Ya tatu ni ya pointi kumi na tano. Tulifika kumi na moja kwa kumi na moja.

Ludovic akaruka kuzuia. Alipotua, mguu wake ukaangukia juu ya kiatu cha mtu wa Husby kilichopita chini ya wavu. Nilisikia sauti nikiwa kwenye benchi. Akalala. Ukumbi mzima ukasimama, watoto, wamama, walinzi wa mlango.

Nilimtazama Asifiwe. Nilijua yamekwisha. Hiki ndicho nilichokiogopa tangu siku ya chupa, nikajiambia, mmoja akianguka wawili wanaanguka.

Alimwendea. Akapiga goti. Akamshika kifundo cha mguu kama muuguzi, si kama mchumba, akakigeuza kidogo kulia, kidogo kushoto. Akamwuliza kitu. Ludovic akajibu kwa kutikisa kichwa. Asifiwe akasimama, akaja kwangu, uso mkavu.

"Haujavunjika. Umeteguka. Mwingize Valéry."

Nikamwuliza, mara ya kwanza tangu nimjue, yeye mwenyewe anataka nini. Nilimwambia akitaka kutoka akae naye, naelewa, nitampanga Laurentine apandishe mipira. Alifikiri. Kweli alifikiri, niliona. Akasema, "Nataka kumaliza."

Tukamweka Ludovic kwenye benchi kando yangu, nikamshikilia mfuko wa barafu. Valéry akaingia. Valéry, mtu wa wavu. Na sasa niliona jambo la pili la ajabu mwezi huu, nami nasema lilikuwa kubwa kuliko lile la kwanza. Asifiwe hakumpandishia Valéry mipira ya Ludovic. Alimpandishia mipira ya Valéry. Mifupi, karibu, ya upole, kila mmoja umewekwa mahali ambapo hata mtu mwenye hofu hawezi kuukosa. Valéry akapata moja. Akapata ya pili. Nilimwona anabadilika, mabega yanafunguka, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya miaka. Ludovic kando yangu alikuwa ameacha kutazama mguu wake. Alikuwa anamtazama Asifiwe, na machozi yanamtoka, na nadhani hayakuwa ya maumivu.

Kumi na nne kwa kumi na tatu. Mpira wa mwisho Asifiwe aliutupa nyuma, juu ya kichwa. Valéry alikuwa pale. Hata yeye hakuamini kwamba yuko pale. Akaupiga kwa macho yaliyofumbwa, ukaanguka ndani.

Filimbi. Timu nzima ikarukiana. Asifiwe hakurukia mtu. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye benchi, akapiga goti, akachukua mfuko wa barafu mkononi mwangu. Hapo nikaona mikono yake inatetemeka. Nadhani ilikuwa inatetemeka muda wote, tangu kumi na moja kwa kumi na moja, na hakuna mpira hata mmoja uliolijua hilo. Akaweka paji la uso kwenye goti la Ludovic, akalia.

Nikainuka nikawapa nafasi kwenye benchi. Nimeishi miaka hamsini na mbili, nimevuka mipaka minne, na sikujua kwamba mtu anaweza kubeba kitu kizito namna ile kwa mikono miwili na bado akawa na mikono ya kazi.

Muriuki alikuja. Alivua kofia. Akaniuliza nawafundishaje watu hawa. Nilikosa jibu.

Jumatatu, 2 Juni

Jibu nimelipata. Nililipata kazini, juu ya ngazi, nabadilisha taa ya mzee.

Ni mapenzi. Mapenzi ndiyo yaliyoleta kombe, na mimi nilikuwa nayapiga vita. Nakiri. Lakini angalia hesabu. Timu ina watu sita uwanjani, na wapendanao ni wawili tu. Tumeshinda tukiwa na theluthi. Je, tukiwa na wote?

Nimeanza na Valéry na Laurentine. Dalili zipo. Laurentine anamgombeza kila mazoezi, na mtu hagombezi hivyo asiyemjali. Jumatano nitamwalika kila mmoja ziwani, pale pa kuogelea, kwa kikao cha mbinu cha kocha na nahodha, na cha kocha na mpigaji. Saa moja, benchi moja. Kocha atapata dharura ya kazi. Wawili wengine bado nawachunguza.

Nimemweleza Mama Elise jioni hii. Aliweka kijiko chini. Akaniuliza kama Valéry na Laurentine wana habari.

Nikamwambia hapana, hilo nimeshajifunza. Kuwauliza kungekuwa kuingilia maisha yao.